Mikia Iliyobaki Liuli

Wifi yangu Lidia aliponiona nashuka kwenye bodaboda mbele ya uwanja wake pale Liuli, hakuja kunipokea. Alikuwa anageuza usipa, dagaa wa ziwa, kwenye chanja cha kuanikia, na akaendelea kugeuza. Alisema tu, kwa sauti ya kutosha majirani kusikia, "Muuaji kaja na mizigo."

Mimi nikamwambia, "Shikamoo, wifi."

"Marahaba yangu haitoki bure bure. Umefuata nini?"

Jirani yake mmoja, Hilda, alikuwa anafua pembeni ya ua. Akaacha kufua kabisa, mikono ikabaki hewani na povu lake. Mjukuu wangu Glorious alikuwa nyuma yangu na kikapu, nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kujibu. Nikamfinya kidole. Nimelea watoto na nimelea wajukuu. Najua kungoja maji yachemke.

Ngoja nieleze kwanza kilichonipeleka, maana mtu mwenye akili timamu hatoki Matiri kwetu mlimani mpaka ziwani kwenda kutukanwa.

Glorious ni binti wa Restituta wangu. Anasoma chuo kikuu, ile shahada ya pili, mambo ya Kiswahili. Mwaka jana alipokuja likizo nikamuuliza, hasa hasa unasoma nini? Akasema hadithi za upelelezi. Nikacheka. Nikasema serikali inamlipia mtu asome hadithi za mauaji? Akasema, "Bibi, sizisomi kwa kujifurahisha. Nachunguza zilivyobadilika, toka zilipoanza kuandikwa mpaka leo."

Tulikuwa tunachambua maharage. Akanieleza, na mimi mwenye darasa la tatu nikamwelewa, maana kusoma kwenyewe nilikomaa kwa vitabu hivyo hivyo vya marehemu mume wangu. Alisema zile za kwanza mpelelezi amevaa koti hata kwenye joto la Pwani, anakaa kitini, anavuta kiko, anafikiri. Mwisho anawakusanya watu wote sebuleni, anamnyooshea mmoja kidole, polisi wanaingia. Baada ya uhuru mpelelezi akaacha kiti, akaanza kukimbia. Anatumwa na serikali, anavuka mipaka, anapigana na majasusi kwenye mapaa ya nyumba. Halafu ikaja ile miaka ya shida, ya kupanga foleni ya sabuni, na wapelelezi nao wakachoka. Wanamtafuta mwizi kitabu kizima, wanakuta ni mkubwa wao wa kazi.

"Na sasa hivi?"

"Sasa ziko kwenye magrupu ya simu, Bibi. Vipande vya mwanzo unasoma bure. Cha mwisho unalipia."

"Hata aliyekufa humjui mpaka ulipe?"

"Aliyekufa unamjua. Aliyeua ndiyo unalipia."

Nikamwambia basi babu yako aliwatangulia. Hakunielewa, na mimi sikuendelea. Ila usiku wake alilala na sanduku la bati la babu yake miguuni, na asubuhi nikamsikia anapiga kelele ya furaha, halafu kimya, halafu kelele nyingine ambayo haikuwa ya furaha.

"Bibi! Hivi vitabu vingine nimevitafuta nchi nzima! Lakini vyote vimekatwa! Kurasa za mwisho hazipo!"

"Najua."

"Ni panya?"

"Panya gani anakula kwa wembe?"

Mume wangu Steven alikuwa Mnyasa wa hapo hapo Liuli. Alikuja kwetu Wamatengo, Matiri, kuendesha lori la kahawa la ushirika, akanioa, akabaki. Kila akishusha kahawa Songea au mbele zaidi alirudi na kitabu, vile vidogo vya karatasi ya kahawia. Watu wakaanza kuazima. Wakiazima hawarudishi. Basi siku moja akachukua wembe, akakata kurasa za mwisho za vitabu vyote, akazitia kwenye kopo la biskuti. Tukaziita mikia. Unaazima kichwa, unaenda nacho nyumbani, unasoma mpaka pale mpelelezi anaposema "aliyeua ni..." na kitabu kinaishia hapo. Ukitaka kujua, rudisha. Ukirudisha, Steven anakupa mkia, unakaa kwenye benchi letu la nje, unasoma mbele ya macho yake, unarudisha mkia, unaondoka.

Hakikupotea kitabu tena. Nimeona mtu mzima na ndevu zake anakimbia kwenye mvua, kitabu kakifunga kwenye mfuko wa mbolea, anahema, "Steven, nipe mkia, sijalala!" Wakati wa kuanika kahawa watu walikuwa wanabishana muuaji nani mpaka wanasahau kugeuza kahawa. Ndiyo ilivyokuwa kwetu.

Glorious alisikiliza yote hayo, halafu akalia. Alikuwa ameandika kwamba kilichobadilika kuliko chochote kwenye hadithi hizi ni mwisho. Zamani muuaji ananyongwa na mahakama. Baadaye anapigwa risasi na mpelelezi. Baadaye anaponyoka na kuendelea na kazi yake ofisini. Mwalimu wake akamwambia, "Thibitisha." Vya zamani anavyo, vya siku hizi anavyo, vya katikati mwisho wake haupatikani popote. "Bila mwisho wa hivi vitabu sura yangu nzima inatupwa, Bibi. Na muda wa kukabidhi umekaribia."

Nikamaliza kuchambua ungo mzima kabla sijamjibu.

"Mikia ipo."

"Iko wapi?"

"Kwa mtu anayesema nilimuua babu yako."

Steven aliugua tumbo. Likavimba, macho yakawa ya njano, hospitali wakamtazama wakaturudisha nyumbani, nasi tukaelewa. Dada yake Lidia alikuja kutoka ziwani siku ile ile aliyokufa. Tulipomzika hakunipa mkono. Tulipoweka msalaba kaburini, baada ya mavuno, alikuja tena, na wakati wa kuondoka akachukua kopo la mikia juu ya kabati, mbele yangu. Nikamwambia, "Wifi, hiyo ni mikia ya vitabu." Akasema, "Kaa na vichwa. Wewe nilikuona kwa macho yangu." Akapanda gari.

Nilikuona kwa macho yangu. Maneno hayo yakaenea ufukwe mzima. Restituta alipoolewa hakuja mtu hata mmoja kutoka ukoo wa baba yake, eti hawawezi kula chakula cha jiko langu. Mimi nilijua ameona nini, au nilidhani najua. Asubuhi ile ya mwisho nilimpa Steven uji, na ndani ya uji nilitia dawa ya mizizi niliyopewa na mama yangu, ya kutuliza tumbo. Nikasema basi Lidia ameona mizizi jikoni. Toka hapo sijapika uji ule tena, hata mtoto akiugua.

Kwa hiyo tulipofika Liuli nilikuwa nimejiandaa kujibu juu ya uji. Nilibeba vichwa vichache kwenye kikapu, maharage makavu ya zawadi, na hotipoti ya makande niliyopika alfajiri. Nikaiweka hotipoti mbele ya Lidia. Akaisogeza kwa mguu. Kwa mguu, jamani. Ikaenda mpaka kwa kuku.

"Hapa hatuli vya mlimani."

"Shikamoo, Bibi Lidia," Glorious akasema.

"Marahaba. Wewe huna kosa, damu yetu hii. Pua ya Steven hiyo. Kaa pale kivulini. Huyo bibi yako abaki juani, amezoea shamba."

Nikabaki juani. Mwanaye Lidia, Praygod, akatoka ndani, mtu mzima mwenye tumbo la dereva. Anaendesha malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Siku hiyo lori lilikuwa linangoja spea. Akanipa shikamoo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeiba. Mama yake akamkata jicho.

Glorious akaeleza shida yake vizuri, kwa heshima, kuanzia chuo mpaka kwa mwalimu wake. Lidia alimsikiliza huku anaondoa usipa waliovunjika. Alipomaliza, Lidia akasema:

"Kopo lipo. Sijalitupa. Kwanza nimelisoma mpaka karatasi zimelainika kama kitambaa. Baba yake Praygod alipokufa, nilisoma. Ziwa likichafuka hakuna usipa, nasoma. Wauaji wote wa mle nawajua kwa majina. Na nimejifunza kitu kimoja." Akaninyooshea usipa. "Ukifika mwisho, muuaji anakiri. Wengine wanakiri wanalia, wengine wanacheka, lakini wanakiri. Huyu peke yake ndiye hajakiri."

"Bibi Lidia..."

"Subiri, mwanangu. Nitakupa kopo. Sitaki hela, sitaki maharage. Nataka asimame hapo, Praygod asikie, Hilda asikie, aseme: mimi Kunigunda nilimuua Steven. Basi. Maneno machache. Mlichukue mwende zenu."

Hilda akasema kwa mbali, "Mimi sisikilizi, nafua." Hakuwa anafua.

Jua lilikuwa linaniunguza utosi. Na nisiwadanganye, nililipima lile neno. Jina langu kwenye ufukwe ule lilikuwa limeshaoza. Ningelipoteza mara ya pili? Mimi nimebakiza kutembea kanisani na kurudi. Mtoto amebakiza maisha yote. Nikasema moyoni, Steven yeye anajua, Mungu anajua, wengine waache. Nikafungua mdomo.

"Bibi, usithubutu!"

Glorious alikuwa amesimama. Sijawahi kumwona vile. "Bibi Lidia, umesoma mikia tu. Vichwa hujasoma. Kwenye vichwa, kabla mtu hajakiri, mpelelezi anahangaika kurasa mia na zaidi. Anauliza, anapima, anamshuku asiyehusika, anarudi nyuma. Wewe umeruka yote hayo ukaenda kwenye kukiri. Ushahidi wako uko wapi?"

"Macho yangu haya."

"Yaliona nini?"

"Anajua mwenyewe."

"Ulisema macho. Macho yanaona kitu. Kitu gani, wapi, lini?"

"Hee! Praygod, unamsikia huyu mtoto anavyonihoji kwangu?"

"Nimemsikia, Mama. Jibu."

"Wewe!"

Mimi nikasema, "Wifi, kama ni ule uji..."

"Uji gani?" Lidia akanitazama. "Nani kasema uji?"

Miaka yote ile nimeubeba uji, na Lidia hakuwa hata anaujua.

Lidia akaweka chini sinia lake. "Nilishuka kwenye lori pale chini ya mlima wenu. Jua limeshapinda. Natazama juu, namwona huyu kwenye mteremko, peke yake, na jembe. Amelaza majani chini, anafukia. Anafukia haraka haraka, anatazama barabarani, anafukia. Akainua uso akaniona. Akainama, akaendelea! Kaka yangu yuko ndani anatapika nyongo, mke yuko mlimani anafukia kitu! Mtu anafukia nini siku kama ile? Nikajua hapo hapo. Alichompa, mabaki yake yako chini ya yale majani."

"Ndiyo hicho tu?" Glorious akauliza.

"Hicho tu? Subiri. Siku ya msalaba nikapita tena pale pale kwa makusudi. Mashimo! Mteremko mzima mashimo, yamepangwa vizuri, kama makaburi ya watoto. Nikasema Mungu wangu, huyu mwanamke hakuanza na kaka yangu."

Praygod akatoa sauti. Nilidhani amepaliwa. Akageuka akashika nguzo ya ukumbi, mgongo unatikisika.

"Unacheka nini?"

"Mama... mashimo ya mraba mraba? Yana kingo katikati, kama madirisha?"

"Ndiyo."

"Na kwenye kingo kumeota kitu?"

"Kulikuwa na mabua mabua makavu."

"Ya maharage! Mama, hizo ni ngolo! Ndivyo Wamatengo wanavyolima, toka mababu. Wanakata majani, wanayalaza chini kama madirisha, yakikauka wanafukia kwa udongo, katikati linabaki shimo la kunasa maji yasibebe shamba. Juu ya kingo wanapanda maharage. Mimi napita na makaa ya mawe kila wiki, milima yote iko hivyo! Kama yale ni makaburi, basi Mbinga nzima wameshamalizana zamani."

Hilda kule kwenye beseni akacheka kwa pua.

"Nyamaza!" Lidia akapiga kelele, sijui kwa nani kati yao. Akanigeukia mimi. "Sawa. Ni kilimo. Sawa! Hata kama ni kilimo. Kaka yangu anakata roho, wewe uko na jembe. Mke gani? Mke gani anafukia majani mumewe anakufa?"

Hapo, watu wangu, uvumilivu wangu ukafika mwisho wake. Nikatoka juani nikaingia kwenye kivuli chake bila kukaribishwa.

"Mimi. Mimi ndiye mke huyo. Majani yalikuwa yamekauka, mvua zinaondoka, na kaka yako ndiye aliyenituma. Aliniambia, 'Nenda kafukie, Kuni. Usipofukia, watoto watakula nini?' Nikaenda. Na unasema nilikuwa natazama barabarani. Nilikuwa nakutazamia wewe! Nilikuwa nimetuma watu wakuite toka juzi yake. Nilipokuona unashuka kwenye lori nikasema asante Mungu, sasa yuko na dada yake, ngoja nimalize kipande hiki. Kwa hiyo nikainama, ndiyo. Nikafukia kwa haraka, ndiyo. Halafu nikashuka nikikimbia, na nikakuta nini, Lidia?"

Akawainamia usipa wake.

"Mwambie mwanao nilikuta nini."

"Ilikuwa..."

"Nilikuta mlango umefungwa. Kwa ndani. Uliweka komeo la nyumba yangu. Mume wangu alikufa mimi nikiwa nje nagonga, na sikio langu lilimsikia akiniita. Hilo sikukusamehe jana, na leo sikuja kukusamehe. Nimekuja kuchukua mikia."

Kuku walikuwa wanadonoa mfuniko wa hotipoti. Praygod alikuwa ameacha kucheka, anamtazama mama yake kama mtu anayeona nyumba yake kwa upande wa nyuma.

"Mama, ulifunga mlango?"

"Nilijua ni muuaji," Lidia akasema. "Ningemwachaje aingie?" Lakini aliyasema akitazama usipa.

"Na maharage ya ngolo ile ile," nikaendelea, maana nilishaanza, "ndiyo tuliyopika siku ya msalaba. Kama kulikuwa na sumu chini, ilipanda juu, na wewe uliila. Ulirudia sahani."

"Mama alirudia?"

"Mara mbili, na supu akainywa."

"Nilikuwa na njaa ya safari!" Lidia akafoka. "Ungenihesabia matonge na wewe!"

Nilidhani imekwisha, tutarudi mikono mitupu. Glorious alikuwa ameanza kukusanya kikapu, na katika kukusanya, kitabu cha juu kikatokeza. Ni kile chenye picha ya kisima kwenye jalada, na mkono wenye bangili unatoka kisimani.

Lidia akakiona. Akafuta mikono kwenye kitenge chake, upande huu, halafu upande huu.

"Hicho ndicho cha bi harusi?"

"Ndicho," Glorious akasema.

"Aliyemuua ni mshenga."

"Bibi Lidia! Usiniambie!"

"Mshenga, na alilia sana. Lakini..." Akasogea hatua moja. "Yule bi harusi alifikaje kisimani na nguo ya harusi? Na kwa nini mbwa hakubweka? Mpelelezi anasema, 'Kama tulivyoona kwa yule mbwa.' Tuliona nini? Miaka yote hii nalala nawaza mbwa. Nimewauliza watu, hakuna anayekijua. Alifikaje kisimani?"

Sasa ningetaka kusema nilimwonea huruma. Hapana. Nilichukua kile kitabu mkononi mwa Glorious, nikakaa kwenye kigoda chake yeye Lidia, nikakiweka chini ya paja langu.

"Mimi naujua," nikasema. "Mbwa naye namjua. Nimemsoma mara nyingi kuliko Zaburi. Nisichojua ni mshenga."

"Kunigunda, toa."

Kumbe jina langu analo mdomoni! "Sheria ya Steven unaijua. Kichwa kwanza, ndipo mkia."

"Basi kichwa unacho, toa, Praygod alete kopo."

"Ya Steven ilikuwa hiyo. Ya kwangu leo ni nyingine. Glorious, lete hotipoti."

Glorious akafukuza kuku, akaifuta hotipoti kwa khanga yake, akaiweka katikati. Nikaifungua. Makande bado yalikuwa yanatoa moshi, mahindi ya Matiri na maharage ya mteremko ule ule. Nikatia kijiko.

"Sitaki uniombe radhi. Sitaki useme lolote, maneno yako nimeyachoka. Kula. Kula mbele ya mwanao na mbele ya Hilda asiyesikiliza. Halafu mtoto atakusomea mwanzo, na wewe utampa mwisho."

Lidia alikitazama kijiko muda mrefu. Mimi nikamngoja. Kungoja ndiyo kazi yangu. Kama angekataa, ningeondoka na kisima changu na mbwa wangu, na Glorious angelia njia nzima, na mimi ningelia naye. Lakini neno lile la kukiri nisingelisema tena. Hilo nilikuwa nimeshaamua pale juani, mtoto aliponizuia.

Praygod akasema taratibu, "Mama, mbwa."

Akachukua kijiko. Akala. Akatafuna kama mtu anayetafuta jiwe ndani ya mchele. Akameza. Akala kingine. Tulikuwa tunamtazama koo.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndivyo kaka yako alivyopenda."

"Hakupenda. Alikuwa anakuogopa." Akasogeza kijiko ndani tena. "Praygod, kalete kopo, liko uvunguni. Na wewe mtoto, soma. Soma toka jina la kitabu."

Glorious akasoma. Alisoma mpaka jua likahamia upande wa pili wa chanja, na Lidia hakugeuza usipa wake, wakaungua jua upande mmoja. Ilipofika pale kwa mbwa, akapiga paja, "Loo! Kumbe alikuwa mbwa wa bi harusi mwenyewe!" Halafu akakumbuka mimi nipo, akakunja uso. Kopo lilipofunguliwa likatoa harufu ya karatasi na samaki. Glorious alipiga picha mkia mmoja mmoja kwa simu yake. Mmoja ukamharibia mpango wake: kitabu cha miaka ile ya mwanzo mwanzo ya uhuru, na muuaji anaponyoka kwa treni wala hashikwi. Alidhani wauaji wa kuponyoka wameanza baadaye. Nikamwambia pole. Akasema, "Pole ya nini, Bibi? Nitaiandika upya sura yote!" na akafurahi kuliko pale alipodhani yuko sahihi. Wasomi nao wana mambo yao.

Kopo lenyewe Lidia hakulitoa. Alisema picha zinatosha, na vichwa vilivyobaki sandukuni viletwe, yeye hana miguu ya kupanda mlima. Sikumjibu ndiyo, sikumjibu hapana. Nilikunywa maji yake, nikaosha hotipoti yangu. Ilikuwa tupu.

Wakati wa kuondoka nikamwambia, "Shikamoo, wifi."

Akawa anageuza usipa walioungua. Sikusikia marahaba. Labda ilitoka, labda upepo wa ziwa uliichukua. Mimi sikwenda kuifuata.

Tulipofika kwenye njia, mama mmoja aliyekuwa anatoka mashineni na unga wa muhogo kichwani akasimama, akanitazama usoni, akapaza sauti juu ya ua. "Lidia! Huyu si ndiye yule wa mlimani, aliyemuua kaka yako?"

Hilda alikuwa anaanika nguo. Akageuka na shuka lake lililolowa, naye anangoja. Glorious akanishika mkono kwa nguvu.

Lidia hakuinua uso.

"Huyo?" akasema. "Huyo amuue nani? Hata chumvi hajui kupima."